Usalama Tunaouvua Garini kwa Mikono Yetu

Jumamosi moja asubuhi niliingiza mkono chini ya kava la kiti cha nyuma cha gari letu, nikitafuta kitu ambacho hatukuwa tumekitumia kwa miaka miwili. Kwanza nilitoa sarafu ya shilingi 200, kisha kifuniko cha kalamu, kisha nusu ya biskuti iliyokuwa imekauka kama kigae. Mwishowe vidole vikagusa nilichokitaka: kile kidude cha kuchomekea mkanda, kimefungwa kwa mpira wa noti na kusukumizwa ndani ya kiti ili kava likae limenyooka. Vilikuwa vitatu, vyote vimefungwa vivyo hivyo. Fundi aliyeshona kava lile alifanya kazi safi, na siku aliyotukabidhi gari nilimlipa, nikamshukuru kwa moyo.

Kilichonipeleka kuitafuta mikanda ile kilitokea wiki moja kabla, tukirudi Dar es Salaam kutoka Upareni. Karibu na Mombo mbuzi wawili walikatiza barabara. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likasimama, mbuzi wakaenda zao. Nyuma yangu nilisikia kishindo. Mtoto wetu wa pili, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa amesimama katikati ya viti viwili vya mbele akiniuliza milima ile inaitwaje. Alirushwa mbele, akajipiga mdomo kwenye mkono wa gia. Jino lilitoka palepale. Chupa ya chai tuliyokuwa tumeiweka kwenye kibao cha nyuma, chini ya kioo, iliruka katikati ya vichwa vya watu na kugonga dashibodi. Spidi yetu haikuzidi kilomita 60 kwa saa. Hatukugonga kitu, na gari halikupata hata mkwaruzo.

Nilipotulia ndipo nilipoanza kuhesabu. Gari lile, Premio la kawaida kama yanayojaa mijini mwetu, lilishushwa bandarini likiwa na mikanda mitano inayofanya kazi, mifuko ya hewa, breki za ABS, na vichwa vya viti vinavyopanda na kushuka. Lilitoka Japani, nchi ambayo tangu mwaka 2008 sheria yake inamtaka abiria wa nyuma naye afunge mkanda. Usalama wote huo ulikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Sisi ndio tulioanza kuuvua kipande kimoja kimoja, na kila kipande tulikivua kwa sababu iliyoonekana ya maana: kava lipendeze, kengele isitusumbue, gari lisikwaruze tuta, tairi lifike hadi mwisho wa mwaka. Wenye Premio, Allion, Corolla, Axio, Bluebird na magari mengine madogo ya familia, nawaandikia kuwaomba tuurudishe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haina gharama.

Tuanze na kiti cha nyuma, maana ndiko tunakowaweka tunaowapenda kuliko wote. Mkanda wa ncha tatu, huu unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Vifaa vingi vya kumkinga abiria vilivyokuja baada yake vilibuniwa vikimtegemea mtu aliyekwisha kufunga mkanda. Zile herufi SRS zilizoandikwa katikati ya usukani zinasema jambo hilohilo: mfuko wa hewa ni kinga ya ziada. Ukiondoa mkanda, ile ziada inabaki haina cha kuongezea.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto mchanga yuko salama mapajani mwa mama yake. Chukua mtoto wa kilo 10. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta au lori lililosimama, mwendo wote huo unakatika ndani ya nusu mita hivi. Kwa muda huo mfupi kila mwili ulio garini unavutwa mbele kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi, na mama anatakiwa ayadake kwa mikono miwili, bila kutarajia, kabla hajawahi hata kupepesa jicho. Hakuna mikono ya namna hiyo. Kibaya zaidi ni kumfunga mtoto na mtu mzima kwa mkanda mmoja, au mama aliyembeba mtoto kwa mbeleko kuupitisha mkanda juu yao wote wawili. Hapo uzito wa mama unambana mtoto kwenye mkanda.

Mama mkwe wangu nilipomweleza hayo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mikono hii imelea watoto saba, na hakuna hata mmoja niliyemwangusha."

"Ni kweli, Mama. Nami sina shaka na mikono yako. Shaka yangu ni kwa breki ya ghafla."

"Na huo mkanda unanikata shingo."

Hapo alikuwa amesema neno la kweli, na nikaona kwamba wazee wengi hawaukatai mkanda kwa ukaidi. Unawaumiza. Tuliangalia nguzo ya mlango wa mbele tukakuta kishikio kinachoshusha na kupandisha mkanda. Tukakishusha, na kitambaa cha khanga tukakiviringisha palipomgusa. Nyuma, ambako mara nyingi hakuna kishikio hicho, mtu mfupi aketi mgongo ukiwa umegusa kiti kabisa, mkanda upite katikati ya bega na usigeuke kamba ya shingo. Sehemu ya chini ikae juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Mjamzito naye afunge hivyo: chini ya mimba, na juu kati ya matiti. Halafu kuna mkanda wa katikati. Katika magari mengi ya zamani huo ni wa kiunoni peke yake. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini usimpe nafasi hiyo mtoto kama kuna nafasi ya pembeni.

Kiti cha mtoto bado kinaonekana kwetu kama kitu cha wenye nacho. Mimi nimekiona kikiuzwa mtumba kwa bei ambayo familia yenye gari inaweza kuimudu ikiahirisha redio mpya. Ukinunua cha mtumba, kigeuze usome chini au nyuma yake: tarehe ya kutengenezwa, umri wa mtoto, urefu au uzito. Kama plastiki ina ufa, au mikanda yake imechanika, kiache hapohapo. Mtoto mchanga hukaa akitazama nyuma ya gari, kwa sababu shingo yake bado haiwezi kukibeba kichwa chake kinaporushwa, na akae hivyo kwa kadiri kiti kinavyomruhusu, walau hadi apite mwaka na robo. Kamwe kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, kwa kuwa mfuko ukifumka utakipiga kiti chenyewe mgongoni. Mtoto akishakuwa mkubwa, kile kiti kidogo cha kumwinua kinamfaa mpaka magoti yake yaweze kukunjika vizuri ukingoni mwa kiti cha gari huku mgongo umeegemea, na mkanda upite begani bila kugusa shingo. Kwa watoto wengi hiyo ni urefu wa kati ya sentimita 135 na 150. Magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yana vyuma viwili vidogo vilivyojificha kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma, mahali pa kunasia kiti cha mtoto. Navyo huzikwa na kava.

Kava nalo si lazima ulitupe. La kwetu nililirudisha kwa fundi kushona, akafungua matundu matatu na kuyashonea ukingo kama matundu ya vifungo vya koti. Ilimchukua saa moja. Lakini kabla ya kuvalisha kava viti vya mbele, tazama ubavu wa kiti, upande wa mlango. Ukiona kitambulisho kidogo chenye herufi SRS, kuna mfuko wa hewa ndani ya kiti, na kava gumu litauzuia usitoke.

Mifuko hiyo ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, ndiyo tunayojivunia na ndiyo tusiyoielewa. Hufumka ndani ya sehemu 40 hivi za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 300 kwa saa. Kwa hiyo chupa ya manukato uliyoigundisha juu ya dashibodi upande wa abiria, au kile kikapu cha maua ya plastiki, ukiweke ukijua kitakwenda wapi. Dereva naye aache walau sentimita 25 kati ya kifua chake na usukani. Sisi wanawake wafupi tunapenda kuusogelea usukani mpaka tuukumbatie. Inua kiti, simamisha mgongo wake, sogea nyuma kidogo, na utaona bado unaifikia pedali.

Kuna jaribio ambalo kila anayenunua gari la mtumba anapaswa kulifanya kabla hata ya kufungua boneti. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Taa ya SRS, yenye picha ya mtu na duara kifuani, lazima iwake, ikae sekunde chache, kisha izime. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, ogopa zaidi, maana huenda kuna mtu ameing'oa balbu yake au ameiunganisha na taa nyingine ili usijue. Gari letu la kwanza lilikuwa hivyo. Fundi mmoja alipoufungua usukani hatukukuta mfuko wowote ndani, kifuniko tu kilichobandikwa kwa gundi. Tulikuwa tumeliendesha kwa muda mrefu tukiamini tuna kinga. Taa ya ABS nayo ijaribu vivyo hivyo.

Na kuna jambo la Takata. Kampuni hii ya Japani iliwauzia watengenezaji wengi wa magari vifaa vya kufumua mifuko ya hewa vilivyotumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku mfuko unapofumka kifaa chenyewe hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali, mamilioni na mamilioni ya magari yakaitwa yarudishwe kubadilishiwa vifaa, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Joto na unyevu wa miaka mingi, hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Kama gari lako ni la miaka ya 2000 au mwanzoni mwa miaka ya 2010, chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya Japani ya kampuni iliyolitengeneza, ukurasa wa magari yaliyoitwa, uiandike hapo. Lugha yake ni Kijapani, lakini simu yako itakutafsiria. Ukikuta kazi haijafanyika, nenda kwa wakala rasmi. Usimwachie fundi wa mtaani aufungue usukani, hata kama ni hodari wa injini.

Sasa matairi. Hapa ndipo ninapoona watu waangalifu, wasiolewa wala kukimbiza gari, wakipoteza familia zao.

Kwanza soma ubavu wa tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa stoo, na kashata nene haimaanishi kitu kama ubavu umeanza kupasuka mistari myembamba kama uso wa tope lililokauka. Tairi likifika miaka mitano au sita lichunguzwe kila mwaka na mtu anayejua, na likifika kumi liondoke, hata kama linang'aa. Tazama pia kama limeandikwa STUDLESS, au lina picha ya chembe ya theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi ya Japani, ya raba laini, na magari mengi hushuka nayo. Yalitengenezwa kwa barabara za barafu. Kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana hulainika, huisha haraka, na breki inakuwa ndefu.

Pili, upepo. Nimeshawasikia madereva wengi, na watu wa kujaza upepo kwenye sheli pia, wakishauri kwamba ukienda safari ndefu punguza upepo, kwa sababu joto litaujaza wenyewe na tairi litapasuka. Ushauri huu ni wa hatari kweli. Tairi lenye upepo mdogo linalala, ubavu wake unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, mamia ya mara kwa dakika. Kunja na kukunjua kipande cha waya namna hiyo mara kumi, kisha ukiguse: kimepata joto. Ndivyo ubavu wa tairi unavyochemka, na ndivyo unavyopasuka. Aliyelitengeneza gari aliliweka ongezeko la joto katika hesabu yake. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo utaona karatasi iliyobandikwa yenye kipimo, mara nyingi kilo 2.2 au 2.3 kwa gari dogo, sawa na 32 hadi 33 kwenye geji zetu. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa geji yako mwenyewe, maana geji za barabarani hazikubaliani. Na spea tairi ipimwe siku hiyohiyo.

Tatu, mzigo. Tairi la 195/65R15 lenye namba 91 linabeba kilo 615, na manne yanabeba tani mbili na nusu kasoro kidogo. Gari lenyewe lina tani moja na robo hivi. Ukitia watu watano wazima, mikungu ya ndizi, gunia la mchele na ndoo mbili za mafuta, bado hesabu inatimia, lakini kwa matairi mapya yenye upepo kamili. Kwa tairi la mwaka 2014 lenye upepo wa 24, huna hesabu yoyote.

Ukinunua mapya mawili tu, yafunge nyuma. Mafundi wengi watakubishia. Mbele likiteleza au kupasuka unahisi kwenye usukani na bado una la kufanya. Nyuma likiachia, gari linageuka kabla hujajua kilichotokea. Na likipasuka lolote ukiwa kwenye mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta taratibu, liache gari lipungue lenyewe. Usiguse breki mpaka limekuwa jepesi mkononi.

Suala la spesa nitaligusia kwa kifupi kwa sababu najua nitawaudhi wengi. Njia ya kuingia kwetu ina makorongo, na gari letu nalo lilikwaruza. Tuliliinua kwa spesa juu ya shokapu, kama majirani. Lilianza kuyumba kwenye kona, matairi ya mbele yakaliwa upande mmoja, na taa zikawa zinawapiga machoni wanaokuja. Gari lililoinuliwa limebadilishwa tumbo lake, na kona alizozipima mtengenezaji si zile unazozikata wewe. Tulizitoa, tukafunga springi na shokapu mpya za kipimo chake, tukalipata tulilokuwa tukilitafuta karibu lote. Kama njia yako inadai gari la juu kabisa, nunua gari la juu. Ukishindwa, basi walau peleka matairi yapimwe upya na taa zishushwe.

Breki zina kosa moja la kimya: mafuta yake hunywa maji kutoka hewani, na baada ya miaka miwili hivi hustahili kubadilishwa hata kama kikopo kimejaa. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, maji hayo huchemka, na pedali inazama hadi sakafuni. Gari la otomatiki lina gia za chini, iwe 2, L, S au B. Zitumie kuteremka, breki iguse na kuachia. Kwenye dharura, kama una ABS, kanyaga kwa nguvu zote na uendelee kukanyaga. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Watu hushtuka wakaachia, ilhali kutetemeka huko ndiko kufanya kazi kwenyewe.

Nakuja kwenye uendeshaji, na nitasema lililo moyoni. Tumejifunza kuiogopa tochi ya askari ya kupimia spidi kuliko kukiogopa kifo. Tunaona gari linalokuja limetuwashia taa, tunashuka hadi 50, tunampita askari kwa heshima, na mita 300 mbele tunarudi 110 katikati ya kijiji kilekile, mbele ya shule ileile. Kibao cha 50 kimewekwa hapo kwa hesabu. Kwa gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu, ukiwa 50 unahitaji kama mita 14 kusimama tangu breki iliposhika. Ukiwa 100, yaani mara mbili, unahitaji mita 55, mara nne. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye pedali, ambayo kwa 100 ni mita 28 nyingine. Jumla ni zaidi ya mita 80. Mtoto anayefuata mpira wake hayuko mita 80 mbele yako. Yuko 20.

Umbali wa kumfuata aliye mbele tuupime kwa sekunde. Anapopita nguzo au kivuli cha mti, sema polepole: "Moja Kibaha, mbili Kibaha, tatu Kibaha." Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umembana. Mvua ikinyesha, endelea hadi tano. Watoto wetu hunihesabia wao, na hawanipunguzii.

Kuovateki nako kuna hesabu yake, na nilipoifanya mezani kwa kalamu niliogopa. Lori la mita 20 linakwenda 80, wewe unakwenda 100. Kuanzia unapotoka nyuma yake hadi unaporudi mbele yake kwa nafasi ya heshima, unahitaji kulizidi kwa mita 75 hivi. Inakuchukua sekunde 13 na nusu. Ndani ya muda huo wewe umekwenda mita 375, na anayekuja naye kwa 100 amekwenda 375 zake. Kwa hiyo barabara lazima iwe wazi robo tatu ya kilomita, na hapo nimedhani ulikuwa tayari kwenye 100. Gari la injini ya 1.5 lenye watu watano na mizigo halipandi kutoka 80 hadi 100 kwa kupumua mara moja. Endiketa ya lori la mbele haikupi ruhusa. Huenda dereva wake anakwepa shimo, na huenda anakata kulia.

Usiku tusiutamani. Kati ya Segera na Same lori bovu lililoegeshwa nusu barabarani mara nyingi halina alama isipokuwa matawi ya miti yaliyotawanywa nyuma yake. Ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza kabla hujaliona lori lenyewe. Taa zilizogeuka njano zisuguliwe, hiyo ni kazi ya nusu saa, na faida yake inazidi ile ya balbu kali zinazomfumba macho mwenzako. Sisi tukienda Same, zaidi ya kilomita 400, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, na kila baada ya saa mbili tunasimama, hata kama hakuna aliyechoka. Usingizi wa barabarani hautibiwi na muziki wala kinywaji cha kopo. Unatibiwa na dakika 20 za kulala kivulini, milango imefungwa, dirisha limeachwa wazi kidogo.

Kibao cha nyuma chini ya kioo kiwe kitupu. Chupa ya chai ikae kwenye buti au sakafuni nyuma ya kiti. Chupa ya maji isikae kamwe miguuni mwa dereva, ambako itabingirika hadi chini ya pedali ya breki siku unayoihitaji.

Na kama bado hujanunua, ukifika yadi kalia kiti cha nyuma kwanza. Vuta kila mkanda hadi mwisho, utazame kama umekatika nyuzi, uuache uone kama unarudi, kisha uvute kwa ghafla uone kama unakaba. Chomeka, chomoa, mara tatu. Pandisha vichwa vya viti hadi vilingane na masikio. Ukiwa na uwezo wa kufikia Premio au Allion za kuanzia maboresho ya 2016, ulizia zenye mfumo wa kamera na kitambuzi unaoonya na kufunga breki zenyewe, na ukizipata usibandike stika wala tinti mbele ya kamera ile juu ya kioo. Vinginevyo, kati ya gari lenye rimu za kung'aa na lenye mikanda mizima, tayari unajua nitakuchagulia lipi.

Desemba iliyopita tulikwenda Upareni tena. Siku ya kwenda kanisani gari letu lilikuwa limewachukua wengine, na jirani mmoja akajitolea kumpeleka mama mkwe kwa gari lake. Mama aliingia nyuma, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akatoa mguu mmoja nje.

"Baba, mkanda wangu uko wapi?"

Tulikaa barazani kama robo saa, na kengele ya pili ilikuwa imekwisha kulia, huku mwenye gari amepiga magoti mlangoni, mkono umezama hadi kwenye kiwiko chini ya kava.